"Kura ya maoni": jinsi ya kulitumia neno hili bila kumpoteza msomaji

Mwezi Julai 2020, barazani kwetu Mji wa Kale hapa Mombasa, mzee mmoja aliyekuwa ametoka kusikiliza habari za redio ya Tanzania alituuliza kwa wasiwasi: "Jamani, hao jirani zetu wanabadilisha katiba?" Alikuwa amesikia kwamba kura za maoni zimekwisha na matokeo yametangazwa. Kumbe habari ilihusu chama cha CCM, ambacho kilikuwa kikitafuta wagombea wake wa ubunge. Mzee hakukosa, aliyeandika habari ndiye aliyesahau kwamba anasikika hadi Mombasa.

"Kura" ni neno lenye asili ya Kiarabu, na maana yake ya zamani ingali hai. Kina mama wa mchezo wa pesa, yaani wanaochangishana na kupokea kwa zamu, wakitaka kujua nani atatangulia kupokea, huandika nambari kwenye vikaratasi, wakavikunja, wakavitia kikombeni, kisha kila mmoja akachukua chake. Hiyo nayo ni kupiga kura, ingawa hakuna aliyechaguliwa na mtu. Ndiyo maana neno linalofuata baada ya "kura ya" lapasa kuteuliwa kwa makini.

Nchini Kenya, "kura ya maoni" imezoeleka kwa maana ya wananchi wote kuamua jambo kwa "Ndiyo" au "La". Tulipiga kura ya namna hiyo kuhusu katiba mpya tarehe 21 Novemba 2005, ndizi ikiwa alama ya kukubali na chungwa alama ya kukataa, tukapiga tena tarehe 4 Agosti 2010, safari hii kwa rangi ya kijani na nyekundu. Zanzibar nao walitumia jina hilohilo tarehe 31 Julai 2010, walipoulizwa kuhusu serikali ya umoja wa kitaifa. Kwa maana hii mimi napendelea "kura ya maamuzi", kwa sababu matokeo yake si maoni tu: katiba iliyopitishwa kwa kura hiyo mwaka 2010 ndiyo inayotuongoza leo.

Ndani ya CCM, kwa upande mwingine, "maoni" ni maoni kwelikweli, kwa kuwa anayeongoza kwa kura hajawa mgombea mpaka vikao vya juu vya chama vimpitishe. Huku kwetu uteuzi wa vyama huitwa "kura ya mchujo", na ukimwandikia Mkenya, tumia hilo.

Jina hilo hupewa pia takwimu za watafiti wanaowauliza watu wachache wangemchagua nani. Hizo ziite "utafiti wa maoni", maana hapo hakuna sanduku wala karatasi ya kura, na ni hatari msomaji kudhani kwamba mtu ameshashinda.

Katika sarufi, angalia tofauti ya "kupiga" na "kupigia": mtu hupiga kura, humpigia kura mgombea, na huipigia kura hoja.

Habari iliyomtia wasiwasi mzee wetu ingetosha kusomwa hivi: "Wajumbe wa CCM wamepiga kura za maoni ndani ya chama ili kupendekeza wagombea wa ubunge."