Mtu mzima na mkao wa farasi: omba kamba kwanza

Nimezaliwa Lamu, na kama watoto wengi wa kule nilipanda punda kabla sijajua kusoma. Bila tandiko, umekaa nyuma kabisa karibu na mkia, miguu inaning'inia, kifimbo mkononi. Kwa hiyo nilipoanza masomo ya farasi Nairobi nikiwa na miaka 44, nilijiona mwenyeji. Mwalimu alinitazama nikizunguka uwanja mara mbili, akasema, "Wewe umekaa barazani." Kweli kabisa. Magoti juu, miguu mbele, mgongo umepinda, nimekalia kifandugu.

Farasi akitembea tu, kasoro hiyo husitirika. Siri hufichuka akianza kwenda matiti. (Ndiyo, matiti. Wenzangu ofisini hucheka kila nikilitaja, lakini ndilo neno lenyewe la mwendo ulio kati ya kutembea na mbio.) Miguu yake hupiga chini miwili miwili kwa mshazari, wa mbele kushoto pamoja na wa nyuma kulia, na baina ya pigo moja na jingine mnyama mzima yuko hewani. Mgongo unapanda, unashuka. Usipoufuata, wenyewe unapanda wakati wewe ndiyo kwanza unashuka, mnakutana kwa kishindo, na anayepata taabu zaidi ni yule wa chini.

Mtu mzima akirushwa hivyo hufanya jambo moja tu: hubana magoti. Sasa chukua kokwa la embe lililolowa, libane kwa vidole viwili uone linavyochomoka. Ndivyo unavyochomoka wewe kwenye tandiko. Kadiri unavyobana ndivyo unavyopanda juu, na ukishapanda unashika hatamu kama mtu aliyeshika bomba la matatu, huku farasi wa watu ana chuma kinywani.

Dawa yake haipatikani kwenye darasa la kundi. Mahali pa kwanza nilipojifunza tulikuwa sita, farasi wanafuatana kama siafu, mwalimu katikati anapiga kelele "Visigino chini!" Miezi mitano. Nilisukuma visigino mpaka vifundo vikakakamaa, na mguu ukazidi kwenda mbele. Hakuna aliyeniambia kwamba kisigino hushuka chenyewe nyonga ikilegea, na nyonga ya mtu anayeshinda kwenye kiti cha ofisi tangu asubuhi haijalegea.

Omba masomo ya kamba, peke yako. Watu wa mabanda ya huku huiita lanji: mwalimu anasimama katikati, ameshika kamba ndefu iliyofungwa kichwani kwa farasi, naye farasi anamzunguka. Mwendo na mwelekeo ni kazi ya mwalimu. Wewe kazi yako kukaa tu. Usidhani ni mambo ya kitoto. Katika shule ile kongwe ya farasi weupe kule Vienna, wanafunzi hukaa kwenye kamba miezi mingi, bila hatamu wala vikuku, vile vyuma vya kukanyagia, kabla ya kukabidhiwa chochote.

Uliza pia utapewa farasi gani. Wengi wa Nairobi ni wastaafu wa mashindano ya Ngong, warefu, wembamba, hatua zao ndefu. Wana roho nzuri, lakini kwa kazi hii tafuta mzee mpana, mwenye mwendo mfupi usiobadilika-badilika. Wangu alikuwa jike wa kahawia aliyekuwa akisinzia akitandikwa.

Kabla hujapanda, kalia benchi la mbao na uweke viganja chini ya makalio. Ile mifupa miwili inayokuchoma ndiyo ya kukalia. Ndiyo unayotaka kuisikia juu ya tandiko. Ukishapanda, pishanisha vikuku mbele ya tandiko, na kwanza ivute chini ile bizimu ya mkanda wake, la sivyo utashinda na donge chini ya paja. Kisha fanya jambo ambalo mimi liliniaibisha mara ya kwanza: peleka mkono nyuma ya paja, shika nyama yote, ivute nyuma na nje. Upande wa pili vivyo hivyo. Ghafla paja linalala bapa na ile mifupa inagusa. Hapo mtu akikutazama kwa ubavuni, sikio, bega, nyonga na kisigino viwe kwenye mstari mmoja, hata kama farasi ataondolewa chini yako utue umesimama.

Anza kwa kutembea, macho umefumba. Utasikia nyonga moja inashuka, kisha ya pili. Taja kwa sauti: kulia, kushoto, kulia. Mguu wa nyuma wa farasi ukienda mbele, upande ule wa mgongo wake unashuka, na nyonga yako iufuate. Mimi nilikosea wiki mbili nzima kabla ya kupatia.

Halafu matiti, hatua nane tu. Si kumi na tano. Vidole viwili vya mkono mmoja viwe chini ya ukingo wa mbele wa tandiko, vikikuvuta chini kidogo, na urudi kutembea kabla hujaanza kurushwa. Mwili hujifunza kile unachokirudia, na ukirudia kurushwa utakuwa bingwa wa kurushwa. Imba. Sitanii, anayeimba hawezi kuzuia pumzi, na anayezuia pumzi hukakamaa. Mimi nilivumisha taarabu puani.

Dakika ishirini zinatosha, nusu upande huu na nusu ule, maana kuzunguka duara kunawachosha farasi viungo. Chagua asubuhi. Jioni mabanda hufungwa mapema ili farasi wawe ndani kabla ya giza, kwa ajili ya vijidudu vinavyoeneza ugonjwa hatari wa farasi wa Afrika. Na Aprili, mvua ikikolea, uwanja ukiwa tope ahirisha.

Utaanguka pengine. Mimi nilianguka wiki ya sita, kwa kutazama chini nione kama mguu umekaa vizuri. Kichwa cha mtu kina kilo nne na zaidi. Kikiinama, mabega yanafuata, kisha mwenye mabega. Saisi, yaani mtunza farasi, alikuja kunipangusa vumbi, akauliza kwa upole, "Mzee, umeangusha pesa huko?" Helmeti ilipata ufa, nikanunua nyingine siku hiyohiyo, iliyokwisha kugonga haivaliwi tena.

Baada ya miezi miwili, mara mbili kwa wiki, mwalimu aliamuru nirudishiwe vikuku. Vilinifika juu mno, magoti yakapanda kama zamani. Nikamwambia saisi kwamba kuna mtu amechezea mikanda. Akahesabu matundu, akatikisa kichwa: ni palepale nilipoviacha. Akashusha matundu mawili kila upande.

"Mzee," akasema, "umerefuka."