Namna ya Kukokotoa Mchoro wa Fezi wa Mfumo Wenye Viambato Vingi

Mchoro wa fezi huonyesha ni viowevu, gesi au fuwele zipi zinazoweza kukaa pamoja katika msawazo kwenye halijoto, kanieneo na uwiano fulani wa viambato. Kuukokotoa ni kutafuta, kwa kila nukta, mkusanyiko wa fezi (hali au miundo ya maada iliyo tofauti) wenye nishati ya Gibbs, yaani kipimo cha uthabiti kwenye halijoto na kanieneo fulani, iliyo ndogo kuliko zote.

Anza na orodha ya fezi, wala usiifanye haraka, kwa sababu programu ya kompyuta inayokokotoa haiwezi kugundua fezi ambayo hukuiingiza. Katika mfumo wa chuma na kaboni, ukiiweka grafiti utapata msawazo wa kweli. Ukiiondoa utapata mchoro wa sementiti (kabidi ya chuma), ambao ndio watengenezaji wa feleji huutegemea zaidi, ingawa sementiti yenyewe si thabiti kikamilifu.

Kisha ipe kila fezi mlinganyo wake wa nishati. Kwa myeyusho, jumlisha nishati ya viambato safi, mchango wa entropia (kipimo cha mtawanyiko) ya kuchanganyika, na nishati ya ziada itokanayo na mwingiliano wa viambato, ambayo kwa aloi huandikwa kwa polinomia za Redlich na Kister. Usiunganishe hifadhidata mbili kabla ya kuhakikisha kwamba zina hali rejea moja, yaani zinapima nishati kuanzia sifuri ileile: kwa metali ambayo entropia yake ya kuyeyuka ni juli 10 kwa moli kwa kelvini, kosa la kilojuli 1 tu husogeza halijoto ya kuyeyuka kwa kelvini 100.

Ugumu halisi umo katika utafutaji wenyewe. Myeyusho sawia wa viambato viwili wenye kigezo cha mwingiliano cha kilojuli 20 kwa moli hutengana chini ya kelvini 1,203 hivi, na mkunjo wake wa nishati huwa na mabonde mawili. Utafutaji ulioanzia katika bonde moja huweza kunasa humo. Kwa hiyo tawanya nukta katika uwiano wote, chagua zile zinazounda ganda mbonyeo la chini (mpaka wa chini kabisa unaofunika nukta zote bila kubonyea ndani), kisha uboreshe jibu mpaka uwezo wa kikemia (badiliko la nishati ya Gibbs kwa kila moli ya kiambato inayoongezwa) wa kila kiambato ulingane katika fezi zote zilizopo. Kwa hatua za asilimia 1, viambato viwili huhitaji nukta 101, vitatu 5,151, na vitano 4,598,126. Hivyo anza na hatua pana, uzifinye karibu na mipaka.

Jaribu kwanza mifumo ya viambato viwili: risasi na bati lazima zitoe yutektiki (mchanganyiko unaoyeyuka kwenye halijoto ya chini kuliko mingine yote) kwenye nyuzi 183 za Selsiasi, bati likiwa takriban asilimia 62 ya masi. Ndipo uongeze cha tatu, ukikumbuka kwamba programu itachora hata pale ambapo vigezo vya mwingiliano wa viambato vitatu havijapimwa.