Sera ya Kampuni Changa: Anzeni Kwenye Kaunta, Mfuko Usubiri

Wizara ikiamua kusaidia kampuni changa za ubunifu (startup), mara nyingi hukimbilia jengo la ubunifu au mfuko wa fedha. Anzeni kule kampuni hizi zinakokwama. Chagueni kampuni kama ishirini, zikiwemo tano zilizokwisha kufungwa, mzifuatilie tangu siku ya kusajili jina hadi malipo ya kwanza ya mteja mkubwa. Kwa kila kibali andikeni ofisi inayokitoa, siku zilizotumika, ada, na kifungu cha sheria kinachokidai.

Safu hiyo ya mwisho ndiyo yenye faida kubwa. Vibali vingine vinadaiwa kwa mazoea tu, na waraka mmoja wa katibu mkuu unatosha kuvifuta. Vingine vimo kwenye kanuni, ambazo waziri hubadilisha bila kwenda bungeni. Vichache vinahitaji sheria mpya. Mkivifunga vyote katika muswada mmoja, mambo ya wiki mbili yatasubiri mambo ya miaka mitatu.

Baada ya hapo amueni nani anahusika. Duka la dawa na saluni zinastahili msaada, ila wa aina nyingine. Tunisia, kwa sheria yake ya Aprili 2018, iliweka mipaka inayopimika: umri usiozidi miaka minane, wafanyakazi chini ya 100, mauzo ya mwaka chini ya dinari milioni 15, na zaidi ya theluthi mbili ya hisa ziwe za watu binafsi au mifuko ya uwekezaji. Sharti la hisa msilitupe. Bila hilo, kampuni kubwa itafungua tawi lenye jina jipya na kuvuna unafuu wote. Sharti la kwamba kampuni iwe ya ubunifu ndilo gumu kupima, kwa hiyo liamuliwe na kamati yenye wawekezaji na wahandisi ndani yake, ipewe siku 30 za kujibu, na ikikataa itoe sababu kwa maandishi.

Cheti cha kuitambua kampuni changa kikishatolewa, kazi ngumu ndiyo kwanza inaanza. Kule Tunisia mwenye cheti anaweza kuchukua likizo ya mwaka mmoja kazini, inayoongezwa mara moja, ili ajenge kampuni yake na akishindwa arudi. Anasamehewa kodi ya mapato ya kampuni. Na ana kadi ya kulipia huduma za kiteknolojia nje ya nchi hadi dinari 100,000 kwa mwaka. Angalieni wanaotekeleza hayo: mwajiri, mamlaka ya mapato, benki kuu. Wizara iliyoandika sera haimo. Hapo ndipo sera nyingi hufia. Karani wa forodha anapokea cheti kizuri chenye mhuri, lakini mfumo wake hauna sehemu ya kuingiza namba yake. Anatoza ushuru kama kawaida, na kwa maelekezo aliyonayo hajakosea. Kwa hiyo kabla ya uzinduzi kila taasisi itoe waraka wake wa ndani, mfumo wake usome namba ya cheti, na mpeleke kampuni mbili za majaribio hadi dirishani. Zikikwama, ahirisheni uzinduzi.

Kwenye kodi, msamaha wa kodi ya faida hausaidii sana kampuni ambayo bado haijapata faida. Inayoumiza ni kodi inayokatwa kwenye mauzo. Tanzania, kampuni iliyopata hasara miaka mitatu mfululizo hutozwa kodi mbadala ya mauzo. Hasara hizo kwa kampuni changa ni za kawaida, maana ndiyo kwanza inajenga soko. Kenya ilileta kodi ya kima cha chini, asilimia 1 ya mauzo, mwaka 2021, na mahakama ikaibatilisha mwaka huohuo. Tazameni pia hisa wanazopewa wafanyakazi badala ya mshahara. Mkizitoza siku zinapotolewa, mfanyakazi anadaiwa pesa asiyokuwa nayo. Sheria ya fedha ya Kenya ya 2023 iliruhusu kampuni changa zinazokidhi masharti kuahirisha kodi hiyo.

Wadhibiti wapewe nafasi ya kujaribu kwanza. M-Pesa ilipoanza 2007, Benki Kuu ya Kenya haikuwa na sheria mahususi ya malipo ya simu. Iliruhusu kwa barua, fedha za wateja zikawekwa kwenye akaunti ya amana benki, na sheria ya mifumo ya malipo ikaja 2011. Kinga ya mteja ilitangulia, kanuni za kina zikafuata. Kupanga bei mapema kuna hatari yake: mwaka 2022 LATRA, mdhibiti wa usafiri wa ardhini Tanzania, ilipoweka kikomo cha kamisheni cha asilimia 15 kwa usafiri wa mtandaoni, Uber ilisitisha sehemu kubwa ya huduma zake Tanzania, ikarejea 2023 baada ya kikomo kupandishwa.

Sasa ndipo tuje kwenye mfuko. Israel ilijaribu mara mbili, na tofauti ya majaribio hayo inafaa kusomwa na kila ofisa wa hazina. Mwaka 1992, katika mpango wa Inbal, serikali iliidhamini mifuko binafsi ya uwekezaji dhidi ya hasara hadi asilimia 70. Wasimamizi hawakuwa na sababu ya kuhangaikia faida, na mpango ukafifia. Mwaka 1993 ukaja mpango wa Yozma, wenye dola milioni 100 za serikali. Serikali iliweka hadi asilimia 40 katika kila mfuko, ikadai uwe na mbia mwekezaji wa kigeni mwenye uzoefu, na badala ya kufidia hasara ikawapa wabia haki ya kununua hisa zake kwa bei nafuu ndani ya miaka mitano. Aliyefaulu alifaidi zaidi. Aliyeshindwa alibeba hasara yake. Nanyi igeni muundo huo, kwa kiasi mnachokimudu. Kinachoua mifuko ya namna hii kwetu ni ofisa wa serikali kuwa na kura katika kuchagua kampuni, kwa hiyo kura hiyo iondolewe kwenye mkataba.

Mteja, hata hivyo, ni bora kuliko ruzuku. Kenya na Tanzania zimetenga asilimia 30 ya manunuzi ya umma kwa makundi maalumu, lakini zabuni zinazodai hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu na dhamana ya benki huiacha nje kampuni ya miezi kumi na minane. Kwa mikataba midogo, ondoeni masharti hayo, mlipe kwa hatua: asilimia 20 wakati wa kusaini, iliyobaki kwa kazi iliyopokelewa. Fedha zitengwe kabla ya saini, na ankara ilipwe ndani ya siku 30. Taasisi inayochelewesha ilipe riba kutoka bajeti yake yenyewe, na orodha ya ankara zilizopitiliza itolewe hadharani kila robo mwaka.