Anti, Breki Iko Wapi? Namna ya Kucheza Gemu za Magari za Kasi

Banda langu la gemu liko Tanga, Ngamiani, na biashara yake ni mpira. Vijana wanakuja wawili wawili, wanashika pedi, wanafungana magoli, wanalipa, wanaondoka wakitaniana hadi barabarani. Gemu za magari niliziweka kwa ajili ya mtu anayekuja peke yake, asiye na mpinzani. Leo hao ndio wateja wangu wa kudumu, na wengine ni watu wazima kabisa: fundi wa kupaua, dereva wa Coaster aliyemaliza zamu, binti wa chuo anayesubiri mvua ikatike. Swali lao la kwanza ni lile lile, na ndilo nililoliweka pale juu. Jibu langu: breki ipo, nitakuonyesha, ila hutaihitaji sana.

Anza kwa kuchagua diski sahihi, maana gemu za magari ziko za aina mbili na watu huzichanganya. Ipo inayotaka uendeshe kama dereva wa kweli. Gran Turismo 4 ni ya namna hiyo: ina magari zaidi ya 700, kila kona ina mahali pake pa kushika breki, na unafanyishwa mitihani ya leseni. Leseni, jamani, na umelipia nusu saa tu! Ni gemu nzuri, sina ugomvi nayo, lakini inamtaka mtu mwenye jioni nzima na moyo wa subira.

Aina ya pili ndiyo ninayoifundisha hapa, na asili yake ni mashine za kutumbukiza sarafu. OutRun ya Sega, kazi ya Yu Suzuki iliyotoka mwaka 1986, ndiyo bibi yao. Gari jekundu la wazi, dereva na mwanamke mwenye nywele za dhahabu pembeni yake, bahari, minazi, muziki unaouchagua mwenyewe kabla ya kuondoka, na saa inayopungua. Ukifika kituo kabla muda haujaisha unaongezewa sekunde. Usipofika, kwaheri, tumbukiza sarafu nyingine. Mwenye mashine hakutaka uikalie mchana kutwa, kwa hiyo utamu wote ulibidi ushindiliwe ndani ya dakika chache. Mimi kama mwenye banda naielewa hesabu hiyo vizuri kuliko mtu yeyote. Sarafu zimepitwa na wakati, lakini ile haraka imebaki ndani ya gemu hizi mpaka leo, na ndiyo inayomvuta mtu.

Kabla hujaanza, iangalie TV yako. Kwenye TV ya chogo hakuna tatizo: ukibonyeza, gari linatii. Kwenye hizi flati za kisasa, picha hupitishwa kwanza kwenye mapambo mengi ya rangi na ulaini, kwa hiyo unakata kona sasa na gari linakata baadaye kidogo. Mtu anadhani yeye ndiye mzito. Ingia kwenye mipangilio ya TV, tafuta hali ya gemu, iwashe. Ongeza sauti pia. Mlio wa injini unakusaidia kuijua kasi yako bila kusoma namba pembeni ya kioo. Ukiona kasi haikusisimui, badilisha kamera. Ile inayoonyesha gari kwa nyuma ni rahisi kwa mgeni, lakini ile ya kwenye bampa, iliyo karibu na lami, ndiyo inayofanya tumbo liruke. Ukihisi kizunguzungu rudi kwenye ya nyuma, hakuna aibu.

Halafu macho. Mgeni hulitazama gari lake. Gari lako halina habari yoyote mpya, umeshalijua rangi. Tazama mbali, pale barabara inapopotelea, na usiyatazame magari yaliyo mbele, tazama nafasi iliyo kati yake. Mkono hufuata jicho. Ukilikodolea lori, utaliingia. Dereva wangu wa Coaster hakuhitaji kufundishwa hili. Wa kupaua lilimchukua muda, maana kazi yake imemzoesha kutazama pale msumari unapoingia.

Sasa ingiza Burnout 3: Takedown, maana hapo ndipo somo lenyewe lilipo. Ni ya mwaka 2004, imetengenezwa na Criterion, watu wa Guildford kule Uingereza, na kwangu mimi bado haijapata mwenzake. Usitafute Toyota wala BMW humo. Magari yote ni ya kubuni, na ukiona yanavyosagwa utaelewa kwa nini ni vizuri yasiwe na jina la mtu.

Gemu hii imeigeuza sheria ya barabarani ndani nje. Kwetu ukitanua, mbele kuna trafiki anakusubiri. Humu ukitanua unalipwa. Pita upande wa magari yanayokuja, unaongezewa naitro, yaani nguvu ya ziada ya kuchomoka nayo. Lipite basi kwa upana wa ukucha, unaongezewa. Serereka kwenye kona, ruka kilima matairi yote yakiwa hewani, unaongezewa. Na naitro hiyo ndiyo inayokupa kasi ya kushinda. Kwa hiyo anayeendesha kwa adabu kwenye njia yake anabaki wa mwisho, na anayetafuta balaa ndiye anayeongoza. Watu wengi hushika pedi wakidhani kazi ni kukanyaga mafuta. Mafuta kila mtu anakanyaga. Kazi ni kuitafuta hatari, kuikaribia, na kuiacha dakika ya mwisho.

Zoezi langu la kwanza ni hili: shindano zima, usijali umeshika nafasi ya ngapi. Kaa upande wa magari yanayokuja muda wote unaoweza. Hapa sisi tuna upendeleo kidogo, maana barabara za Marekani watu hupita kulia, nasi tumezoea kushoto. Mteja mgeni akianza pale Silver Lake, moja ya barabara za Marekani zilizomo kwenye gemu hii, mkono unampeleka kushoto wenyewe, na huko kushoto ndiko magari yanakotokea. Anapiga ukelele, anataka kurudi. Namwambia tulia hapo hapo, kaka, uko mahali pako.

Zoezi la pili ni kuangusha wenzako. Kumgonga mtu kwa nyuma katikati ya barabara iliyonyooka ni kupoteza nguvu. Njoo ubavuni mwake, pua yako iwe karibu na tairi lake la nyuma, kisha subiri. Subiri ukuta, nguzo ya daraja, au lori linalokuja upande wake. Hapo ndipo unamlalia. Ukifanikiwa, kioo kinakuonyesha anavyosambaratika, na si kwamba naitro yako inajaa tu, hata chombo cha kuihifadhi kinaongezeka urefu, mpaka mara nne ya ule wa mwanzo. Ukigonga wewe, unakatwa. Aliyekuangusha mkumbuke rangi yake. Ukimwangusha naye, gemu inakuhesabia kisasi, na banda zima hushangilia.

Na ukigonga, usiachie pedi! Hili ndilo wageni wengi hawalijui. Shikilia kitufe cha naitro wakati gari lako linabiringika: muda unapungua mwendo, na kwa kijiti cha kushoto unaweza kuusukuma mzoga wa gari lako uende kumziba mpinzani anayepita. Akikuvaa, ameanguka, na umehesabiwa ushindi juu yake ukiwa maiti. Kisha unarudishwa barabarani upesi. Hapo ndipo ninapowasifu Criterion kuliko wote. Kwenye gemu nyingine ajali ni adhabu, unakaa unaitazama huku umekunja uso. Hawa waliifanya ajali iwe sehemu ya mbio, ukawa huna sababu ya kuiogopa, na usipoiogopa ndipo unapoendesha vizuri.

Fundi wangu wa kupaua aliniambia kwamba akiwa humo hakumbuki deni la bati. Namwamini. Ukienda kasi ile, kila nukta kuna uamuzi: kushoto au kulia, kuchomekea au kupisha, kuwasha naitro sasa au baada ya kona. Kichwa hakibakishi chumba cha mambo mengine. Mpira una mapumziko, una kurusha, una kubishana kuhusu kuotea. Huku hakuna.

Kona zina ufundi wake, na mwalimu mzuri ni Ridge Racer ya Namco, iliyoanza kwenye mashine za sarafu mwaka 1993. Huhitaji breki. Ukiikaribia kona, achia mafuta kidogo, geuza usukani, kisha kanyaga tena mafuta. Mkia unachomoka, gari linaserereka kiubavu, na wewe unalishikilia hivyo hivyo mpaka kona iishe. Kosa la wageni ni kugeuza usukani kwa nguvu na kuung'ang'ania. Gonga kijiti kidogo kidogo. Ukiweza pale, sehemu kubwa ya gemu nyingine za kasi utaziweza, tofauti ni kitufe tu.

Kuna hila moja ambayo lazima niitaje, maana inawaliza watu. Gemu nyingi za namna hii huwasaidia wapinzani wa kompyuta. Ukiwaacha mbali, wanaongezewa mwendo. Ukiachwa wewe, wanapunguza. Ndiyo maana unaweza kuongoza mizunguko miwili kwa raha, ukakosea kona moja ya mwisho, ukapitwa na wanne. Usikasirike, wala usitupe pedi yangu. Lifanyie hesabu: usimalize naitro mapema kutafuta uongozi mkubwa ambao hautakusaidia kitu. Kaa wa kwanza au wa pili, jaza chombo, kisha kimwage chote kwenye mzunguko wa mwisho.

Ukishachoka kuangusha watu, jaribu kukimbizwa. Need for Speed: Most Wanted ya mwaka 2005 ina hadithi ya BMW M3 GTR unayonyang'anywa na jamaa anayeitwa Razor, na orodha ya wababe 15 unaotakiwa kuwapita mpaka umfikie yeye. Lakini utamu wake ni polisi. Wakikuzidi, tazama ramani utafute vitu vinavyoweza kuangushwa, kama tangi la maji au kituo cha mafuta. Ukipita ukavunja nguzo zake, mzigo wote unawaangukia wanaokufuata. Ukishawapoteza usiendelee kukimbia ovyo. Jifiche mahali palipowekwa alama, uzime papara, ungoje. Dereva wa Coaster hii anaipenda mno, na sijamuuliza kwa nini.

Kwa wa simu nitasema machache. Asphalt 9 ya Gameloft, ya mwaka 2018, ambayo mwaka 2024 ilibadilishwa jina ikawa Asphalt Legends Unite, ina TouchDrive, yaani simu inakuendeshea usukani na wewe unachagua njia na wakati wa naitro. Itumie siku za mwanzo ili ujifunze ramani, kisha izime, la sivyo unatazama filamu. Jifunze kugonga breki mara mbili haraka: gari linazunguka duara zima, linajaza naitro na kumsukumia mbali aliye ubavuni. Kupakua ni bure lakini duka liko wazi humo ndani muda wote, likikuuzia magari. Msimamo wangu: usitoe hata senti mpaka umechoka na ulichonacho, na simu anayoichezea mtoto isiwe ile yenye fedha zako.

Mkiwa wengi na pedi ni moja, rudini kwenye Burnout 3, upande wa ajali. Hapo hakuna mbio. Unarushwa kuelekea makutano ya barabara yaliyojaa magari, na alama ni hasara uliyosababisha, kwa dola. Kila mtu anapewa makutano yale yale, mara moja, kisha anapokeza pedi. Mgeni hulenga gari la kwanza analoliona, anapata hasara ya pikipiki. Wewe tafuta lori la mafuta au basi lililoziba njia nzima, lizuie, na yanayofuata yatajipanga yenyewe kukugonga. Juu ya barabara kuna alama zinazoelea: za kuzidisha mara mbili na mara nne zifuate, na ile ya moyo uliovunjika ikwepe kwa kila hali, maana inakukata nusu ya jasho lako. Magari ya kutosha yakishagongana, gemu inakuruhusu kulilipua gari lako. Usililipue mara moja. Kwanza lisogeze taratibu kwa kijiti mpaka liwe katikati ya msongamano, ngoja basi la mwisho liingie, ndipo ubonyeze.