Anza na swali: namna ya kuandika maelezo binafsi ya kuomba kusoma usimamizi wa biashara

Nafundisha biashara na uhasibu sekondari, na kila msimu wa maombi ya vyuo vikuu vijana huniletea rasimu zao nizisome. Nyingi huanza hivi: "Tangu utotoni nimekuwa na ndoto ya kuwa mjasiriamali." Au hivi: "Biashara ni uti wa mgongo wa uchumi." Si uongo, lakini mwombaji yeyote angeweza kuziandika, na afisa wa udahili mwenye rundo la maombi mbele yake hapati hata jambo moja la kumtofautisha huyu na yule. Kwa hiyo kabla kijana hajashika kalamu huwa namwuliza: ni jambo gani la biashara uliloliona kwa macho yako mwenyewe, likakutatiza, na mpaka leo hulijui vizuri? Jibu lake ndilo litakalobeba maelezo yote.

Msichana mmoja niliyemsaidia alikuwa akimtunzia shangazi yake, fundi cherehani, daftari la mauzo. Rasimu yake ya kwanza ilisema amepata "stadi za uongozi na mawasiliano katika biashara ya familia". Nikamwuliza ni mwezi gani ulikuwa mgumu. Akajibu bila kufikiri: mwezi ambao walishona sare nyingi kuliko wakati wowote, kwa sababu mwezi huohuo shangazi alikosa fedha za kununulia kitambaa. Nikamwambia aandike hilohilo. Ufunguzi wake ukawa hivi:

"Mwezi ambao shangazi yangu alishona sare 60 ndio mwezi aliokosa fedha za kununua kitambaa. Nilipopitia daftari niligundua kwamba wateja 22 walikuwa wamechukua sare bila kumaliza kulipa. Kwenye karatasi tulikuwa na faida, mkononi hatukuwa na kitu."

Hakuna neno "shauku" hapo, na shauku unaiona. Kisha akaeleza hatua aliyopendekeza: kila mteja atangulize nusu ya malipo. Madeni yakapungua, lakini baadhi ya wateja wakahamia kwa fundi mwingine. Nilimsihi asilifiche hilo la wateja kuondoka, maana ndilo lililozaa swali lake: mfanyabiashara anajuaje akopeshe kwa kiwango gani ili asipoteze wateja wala asiishiwe mtaji? Swali hilo linagusa fedha, masoko na takwimu kwa pamoja, na huwezi kutoa sababu bora zaidi ya kusoma usimamizi wa biashara badala ya kusoma uhasibu peke yake au uchumi peke yake.

Si lazima familia yako iwe na biashara. Mweka hazina wa klabu ya shule ana hesabu za kueleza. Aliyeuza tiketi za tamasha anajua zilinunuliwa lini na kwa nini siku nyingine hazikununuliwa. Kama ulikuwa kiranja, cheo chenyewe kiache. Eleza uamuzi mmoja uliofanya wenzako wakiwa hawakubaliani nawe, na kilichofuata. Matajiri maarufu waache wapumzike, na maneno yao usiyanukuu, kwa sababu anayeomba nafasi ni wewe.

Ukishapata swali, fungua mtaala wa kozi unayoomba, mwaka kwa mwaka. Wengi hushangaa kukuta takwimu, uhasibu wa fedha, sheria ya biashara na usimamizi wa rasilimali watu, wakati wao walidhani watafundishwa kuanzisha kampuni. Tafuta masomo mawili au matatu yanayogusa swali lako, kisha uyaunganishe nalo waziwazi. Hapo ndipo na masomo yako ya shule yanapoingia. Usiorodheshe alama, zinaonekana kwenye fomu. Sema ulichokifanya na ulichojifunza: labda wastani na mtawanyiko wa hisabati ulikusaidia kuona kuwa "mauzo ya kawaida ya wiki" ni maneno yenye kuficha mengi.

Umbo la maandishi hutegemea unakoomba, na kosa la hapa huumiza hata mwandishi hodari. Kwa Uingereza maombi hupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa kuomba vyuo vikuu vya huko. Zamani ulikuwa unaandika insha moja ndefu; kwa wanaoanza masomo 2026 na kuendelea, kuna maswali matatu: kwa nini unataka kusoma kozi hii, masomo yako yamekuandaaje, na ni nini kingine ulichofanya nje ya masomo na kina manufaa gani. Jumla ni herufi 4,000, nafasi kati ya maneno zikihesabiwa, na kila jibu lisipungue herufi 350. Maandishi hayohayo husomwa na vyuo vyote unavyoviomba, hadi vitano, kwa hiyo usitaje jina la chuo hata kimoja. Usirudie habari ileile katika majibu mawili. Hadithi ya daftari ikikaa kwenye swali la tatu, swali la kwanza libebe lile swali lako la biashara.

Marekani mambo ni mengine. Insha kuu ya Common App, fomu ya pamoja ya maombi inayopokelewa na vyuo vingi vya huko, yenye maneno 250 hadi 650, inataka kukujua wewe kama mtu, na si lazima iguse biashara kabisa. Kozi unaieleza kwenye insha fupi za ziada ambazo vyuo vingi huzitaka, na huko jina la chuo ni la lazima pamoja na kitu mahususi kinachopatikana hapo. Ukiweza kulifuta jina la chuo ukaweka jingine na aya ikabaki na maana, aya hiyo bado haijaandikwa.

Rasimu ya kwanza iandike ndefu bila kuhesabu. Kisha kata. Mimi huanza na sentensi zenye "daima", "kwa kweli" na "ningependa kusema kwamba", halafu nakata kila sifa isiyo na tendo nyuma yake. "Mimi ni mchapakazi" inaondoka. Sentensi inayoonyesha ulichokifanya jioni baada ya masomo inabaki.

Usinakili kwa mtu, na usiiachie programu ya akili mnemba ikuandikie. UCAS hulinganisha maelezo ya kila mwombaji na yaliyowahi kutumwa, na yakifanana mno vyuo hujulishwa. Lakini hata kusingekuwa na ukaguzi wowote, programu haikuliona daftari lile. Itakurudisha kwenye uti wa mgongo wa uchumi.

Mpe mtu mmoja asome, wawili wakizidi. Wakiwa watano kila mmoja atavutia kwake, na sauti yako itapotea. Msomaji wako asikuambie kama ni nzuri. Mwombe akueleze ni swali gani unataka kulijibu chuoni. Akishindwa, rudi kwenye aya ya kwanza. Baada ya kutuma hifadhi nakala, na ukiitwa kwenye usaili isome tena usiku wa kuamkia siku hiyo, kwa sababu wanaweza kukuuliza kuhusu takwimu yoyote uliyoitaja: wale wateja 22 walikuwa ni kina nani, na wangapi walilipa hatimaye?