Unanunua ng'ombe wa maziwa? Mpime TB kwanza ndo utoe hela

Naandika hii kwa wale mnaotaka kuanza na ng'ombe mmoja wawili nyuma ya nyumba, maana naona watu wanauliza bei, wanauliza lita ngapi kwa siku, wanauliza chotara au Friesian kamili, ila swali la kama kapimwa TB halimtoki mtu mdomoni. Mimi wa kwanza nilinunua kwa macho. Mtamba mnene, manyoya yanang'aa, dalali anaapa kwa mama yake. Akazaa mara mbili vizuri tu, halafu akaanza kukonda huku anakula kama kawaida, asubuhi ukimwinua anakohoa kikohozi kifupi kikavu, tukampa dawa ya minyoo, tukachoma antibayotiki, wapi. Mwisho akaenda machinjioni na mkaguzi wa nyama alivyochana tezi za kwenye mapafu kisu kikawa kinakwaruza kama kinakata mchanga, ndani njano imekauka. Nyama yote ikafukiwa, sikuambulia hata kwato.

Sasa TB ya ng'ombe haina dalili za kukusaidia sokoni. Anaweza kukaa nayo miaka kanenepa na maziwa anatoa, kwahiyo kumwangalia machoni na kumpapasa nyonga hakukuambii kitu. Kipimo ni cha ngozi, na unatakiwa ukielewa mwenyewe ili usidanganywe.

Mwite daktari wa mifugo, siyo jirani mwenye sindano. Atanyoa sehemu mbili shingoni upande mmoja, moja juu moja chini, atabana ngozi na kipimio cha milimita kila sehemu na ANDIKA hizo namba kwenye simu yako. Halafu anachoma tuberkulini, yaani dawa ya kupimia TB, juu ile ya ndege na chini ile ya ng'ombe, kidogo sana, 0.1 ml kila moja, ndani ya ngozi na siyo chini ya ngozi, ukipapasa unasikia kama punje ya dengu. Baada ya saa 72 anarudi kupima. Amechoma Jumatatu saa nne basi Alhamisi saa nne awe hapo, na ukiambiwa "kesho nitakupa majibu" ujue hapo hamna kipimo.

Hesabu yake: tuseme juu ilikuwa 7 ikawa 9, imeongezeka 2. Chini ilikuwa 7 ikawa 16, imeongezeka 9. 9 toa 2 unapata 7. Ikizidi 4, huyo anayo, achana naye hata kama anauzwa nusu bei. Ikiwa kati ya 1 na 4 ni mashaka, anarudiwa baada ya siku 42 au zaidi, na hapa ndo kuna ujanja, ng'ombe aliyechomwa majuzi ngozi yake inakuwa imechoka haijibu vizuri, kwahiyo muuza anayejua ng'ombe wake mbovu anaweza kumpima kimyakimya wiki mbili kabla hujafika. Uliza kapimwa lini mara ya mwisho. Na aliyezaa ndani ya wiki sita naye anaweza kukupa majibu ya uongo akaonekana mzima.

Watu wananiuliza kwanini ng'ombe anachomwa kitu cha ndege. Ni kwasababu ya kuku wako! Kuku nao wana TB yao, na wakilala juu ya hori wakanyea majani ng'ombe anakula vile vijidudu, mara nyingi havimuumizi ila ngozi yake inaitika, na bila ile sindano ya juu ungemchinja ng'ombe mzima. Kwahiyo kuku walale kwao. Ukiona kuku mkubwa, aliyepita mwaka, anakula ila ukimnyanyua ni mwepesi na kidari kimechongoka kama kisu, upanga umepauka, pengine anachechemea mguu mmoja, siyo mdondo huo, mdondo unaua kwa siku chache na mharo wa kijani na shingo kupinda. Mchinje umpasue: vinundu vyeupe au vya njano kwenye ini na utumbo, basi ndo hiyo. Dawa hamna, toa kundi lote, choma au fukia, na vifaranga wapya wajengee banda kwingine kwasababu vijidudu vinakaa kwenye udongo miaka kadhaa.

Turudi kwa ng'ombe. Akipita, usimwingize moja kwa moja kwa wenzake, mpe banda lake na ndoo yake, baada ya miezi miwili mpime tena. Na wewe na kijana anayekamua mkikohoa zaidi ya wiki mbili nendeni mkapime makohozi, kwani mtu naye anaweza kumwambukiza ng'ombe. Vijidudu vya TB ya mtu na vya ng'ombe ni ndugu kabisa, ile chanjo ya TB, BCG, iliyokuachia kovu begani Wafaransa wawili, Calmette na Guérin, waliitoa kwenye kijidudu cha ng'ombe, wakakiotesha upya mara 230 kwa miaka 13 mpaka kikapoa, ikaanza kutumika kwa mtu 1921.

Maziwa chemsha mpaka yapande, hata ya mtindi, chemsha kwanza yapoe ndo ugandishe, kuganda peke yake hakuui. Bibi yangu alikuwa anasema maziwa ya kuchemsha hayana ladha, sawa, ila mtoto akiota matezi shingoni yasiyoisha huko ndo kwa kuanza kuuliza. Na hospitali mwambie daktari kuwa mlikuwa mnakunywa maziwa mabichi, maana TB ya ng'ombe haisikii pirazinamidi, moja ya zile dawa nne za kuanzia, na asipojua anahesabu dawa ambayo haifanyi kazi.

Kingine, daktari akishafika Jumatatu mwambie avute na damu ya kupima brusela, ule ugonjwa wa kutupa mimba, hiyohiyo siku, umeshamlipia nauli. Muuza akigoma kusubiri mpaka Alhamisi, akaanza kusema kuna mteja mwingine yuko njiani na hela mkononi, mwache auze.