Jinsi ya kupima metali kwenye tope la bandarini bila kudanganywa na namba

Watu wengi wakitaka kujua kama bahari karibu na bandari imechafuka wanakimbilia kuchota maji, maabara inajibu metali hazionekani, basi wanaandika bahari safi. Hapana jamani. Risasi, shaba, zinki zikishaingia baharini hazikai sana kwenye maji, zinashikamana na chembe laini za udongo na mabaki ya viumbe alafu zinazama nazo. Maji yanaondoka na kupwa, tope linabaki. Kwa hiyo tunapima tope.

Hatua ya 1: zunguka kwanza

Kabla hujachota chochote tembea bandari nzima uangalie nini kinafanyika wapi. Mi naanzia kwenye chelezo, pale meli zinapokwanguliwa rangi, kwasababu rangi ya chini ya meli inatengenezwa makusudi iwe sumu ili viumbe wasigande. Zamani ilikuwa na TBT, kampaundi ya bati iliyofanya konokono majike wa baharini waote viungo vya kiume, ikaja kupigwa marufuku na mkataba wa 2001 wa IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa baharini, ulioanza kutumika 2008, ila iliyozama kwenye tope sehemu nyingi bado ipo. Siku hizi rangi nyingi ni za shaba. Zinki nayo inatoka kwenye vile vipande vinavyofungwa kwenye bodi ya meli ili viliwe vyenyewe badala ya chuma. Gati la madini, mifereji ya maji ya mvua, vyote andika.

Hatua ya 2: panga vituo

Anzia kwenye chanzo uende ukitoka nje, na lazima uwe na kituo cha kulinganishia mbali na bandari, mahali ambapo mkondo hauleti maji ya bandarini. Tope lake lifanane na la bandarini. Nasisitiza hili maana tope laini lina metali nyingi kuliko mchanga hata pasipo uchafu wowote, sasa ukilinganisha tope la gatini na mchanga mweupe wa ufukweni utaona uchafuzi hata pale ambapo haupo.

Hatua ya 3: kuchota

Vyombo viwe vya plastiki, vilowekwe usiku kucha kwenye asidi ya nitriki ya asilimia 10 (vaa glavu na miwani, na asidi ndo inamiminwa kwenye maji, sio maji kwenye asidi), alafu suuza kwa maji safi ya maabara.

Chombo cha kuchotea kinachotumika sana ni Van Veen, kile cha taya mbili. Kikipanda usikifungue haraka, tazama juu kwanza. Kama kuna maji kidogo yaliyotulia na unaona uso wa tope uko vilevile, poa. Kama kigamba kimezuia taya zisifunge na tope linavuja, mwaga urudie, usione huruma. Chota sentimita 2 za juu tu, katikati, kwa kijiko cha plastiki, usiguse kingo za chuma. Mara nyingi utaona juu pana rangi ya kahawia na chini yake tope jeusi linalonuka mayai viza. Huo weusi ni salfaidi ya chuma, na salfaidi ndo zimezishika metali nyingi zisiwafikie viumbe, kwa hiyo tope likivurugwa likapata oksijeni baadhi ya metali zinaachiwa.

Changanya michoto mitatu kwa kila kituo, weka lebo, funika kwenye barafu.

Hatua ya 4: ongea na maabara mapema

Waambie wasitumie chekeche la brasi, brasi ni shaba na zinki! Wakichekecha watumie la nailoni la mikromita 63, linalopitisha chembe laini tu. Kama unapima zebaki wasikaushe kwenye joto kali, itaondoka na mvuke. Waombe wapime na alumini. Waombe pia sampuli tupu (isiyo na tope, kuona kama maabara yenyewe inachafua), sampuli ya kurudia, na sampuli rejea yenye kiwango kinachojulikana. Na vituo vyote vipimwe kwa njia moja, maana tope linayeyushwa kwa asidi kabla ya kupimwa na kuna asidi zisizoyeyusha alumini yote.

Hatua ya 5: hesabu

Alumini inakuambia sampuli ina udongo laini kiasi gani, ndo maana tunagawanya nayo. Mfano wa tope ambalo halijachekechwa, namba nimezitunga ili uone hesabu:

Kituo cha kulinganishia: zinki 80 mg/kg, alumini asilimia 8. 80 ÷ 8 = 10.
Gatini: zinki 200, alumini 8. Inakuja 25, yaani mara 2.5 ya kituo cha kulinganishia.
Chelezo, penye mchanga: zinki 90, alumini 1.5. Inakuja 60, yaani mara 6.

Umeona? Ukisoma zinki peke yake gati ndo baya na chelezo haina tatizo, kumbe chelezo ndo inamwaga. Majibu yakikaribia 1 ni udongo wa asili tu.

Hatua ya 6: je inadhuru?

Hili ni swali lingine, usilichanganye na la juu. Wengi tunatumia viwango vya Marekani vya 1995: shaba 34 na 270, risasi 46.7 na 218, zinki 150 na 410, zote mg/kg ya tope kavu. Chini ya namba ndogo madhara ni nadra, juu ya kubwa ni ya mara kwa mara. Sio sheria, ni kipimo cha kuchuja. Chelezo yetu ya mfano iko chini ya 150, maana yake chanzo kipo na bado kuna nafasi ya kukiziba.

Ukitaka kujua kinachoingia kwa viumbe, pima nyama ya kome au chaza, wanachuja maji muda wote. Saizi moja, na chaza kwa chaza, maana chaza kwa asili yake anabeba zinki na shaba nyingi kuliko kome.

Na kama bandari inapanga kuongeza kina, sentimita 2 hazitoshi. Sukuma bomba la plastiki chini, kata tabaka kwa tabaka, pima kila moja, na hakikisha majibu yako mezani kabla mashine haijashuka.